Picha Isiyo na Kichwa

Kwa Mama Mkubwa Veronika,
Ng'ambo ya Matema,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Jubilate,

Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na baba na mama, pamoja na kuku wote isipokuwa yule jogoo anayewika kabla ya wakati, ambaye najua afya yake ni njema kuliko yangu. Huku sote wazima. Mama mkubwa anakusalimu na anauliza kama umeshapata mchumba. Nimemwambia una miaka kumi na minane na unasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Akasema kungoja shule na kungoja mchumba ni kungoja tu.

Safari ilikuwa nzuri kwa mtu anayependa kulowa. Ukishafika Matema barabara inaisha. Mlima umejitosa ziwani bila kuacha nafasi hata ya baiskeli, kwa hiyo unapanda boti ya Mika pamoja na mifuko ya saruji na mbuzi. Mbuzi alikuwa na adabu kuliko abiria wengine. Mtandao huku haupo, labda upande mlimani ukiwa na imani. Daktari alisema nipumzike na simu kwa muda. Mama, ambaye hapendi kufanya jambo nusu, amenipumzisha na simu, na chuo, na Mbeya, na binadamu.

Nasikia ametangaza kanisani kwamba nilianguka katikati ya kwaya kwa sababu ya malaria. Sawa. Ni ugonjwa wenye heshima, kila nyumba Ndandalo imewahi kuwa nao. Tuiache hivyo.

Sasa jambo lililonikalisha chini kuandika. Simu yangu mama ameificha kwenye debe la mchele, akidhani hakuna aliyemwona. Namba ya kuifungua unaijua. Nakuomba, mdogo wangu, uutunze ukurasa wangu mpaka nirudi. Tuli Mwepesi ana wafuasi wengi kuliko watu wote wa kata yetu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mwenyewe nimekaa huku nahesabiwa matonge. Picha ziko tayari, nimeziweka pembeni, kila moja na maneno yake. Wewe kazi yako ni kuzipandisha asubuhi, watu wakiwa bado hawajanywa chai na roho zao laini. Usijibu komenti. Usimwambie mama. Ukurasa ukinyamaza wiki mbili watu wanahamia kwa mwembamba mwingine.

Mimi sijambo. Nalishwa kana kwamba nitauzwa Krismasi.

Dada yako, mfungwa wa wali na dagaa wa usipa,
Tulinagwe

*

Ndandalo, Kyela,
26 Februari 2024

Mheshimiwa dada Tulinagwe, balozi wa maji ya ndimu,

Mugonile, dada. Barua yako ilifika ndani ya chungu. Yule mama anayeleta vyungu sokoni Kyela alimpa mama chungu, mama akanipa nikioshe, nikakukuta humo. Nimekukausha juani. Nyumbani hatujambo. Baba anaanika kokoa na kuianua kila wingu linapopita, hivyo kazi yake siku hizi ni kubishana na mbingu. Mama hajambo, ila kila akipita mlangoni kwako anasimama kidogo, halafu anajifanya alikuwa anatafuta ufagio.

Simu nimeipata. Mama alinikuta mkono umezama kwenye debe mpaka kiwiko. Nikamwambia natoa wadudu. Alifurahi, akasema, "Wewe ndiye mwanangu mwenye afya na akili." Basi natumia akili, na afya ipo nyingi, hata ukitaka nikukatie.

Ripoti ya ofisi yako ni kama ifuatavyo. Picha ya gauni la njano imependwa sana. Mmoja amekuita malaika. Mwingine ameandika kwamba umeumbwa kama ua. Najiuliza kama anajua kwamba ua lenyewe lilikuwa linalala na masweta mawili hapa Kyela, mwezi ambao sisi wengine tunalala na milango wazi. Binti mmoja ameuliza unakula nini ili naye awe hivyo. Nilitaka sana kumjibu, "Dripu." Lakini ulisema nisijibu.

Mama amenipa nguo zako nizifue. Kwa udadisi tu nilijaribu lile gauni la bluu. Zipu ilifika kiunoni ikagoma. Tulicheka sana, mimi na zipu.

Akiba yako ya picha haitafika mbali, nakutahadharisha mapema. Ulipiga nyingi lakini watu wanazila kama karanga.

Katibu wako asiye na mshahara wala kiuno,
Jubilate

*

Ng'ambo ya Matema,
20 Machi 2024

Mdogo wangu,

Ugonile, na ndaga fijo, asante sana, kwa kazi. Barua yako imekaa Matema kwa sababu ziwa lilichafuka na Mika akakataa kutoka. Alisema boti ni yake na maisha ni yake. Mvua hapa inapiga mpaka udongo wa vyungu umegoma kukauka. Mama mkubwa anauhamishia jikoni, tunalala na vyungu kama ndugu. Mgongo wake unamsumbua. Anakusalimu.

Umeniomba habari za afya yangu, au hukuniomba, lakini nitakupa. Mwanzoni mama mkubwa aliamini nina mimba, akasubiri kwa utulivu. Mimba ilipokataa kutokea akaamini nimerogwa na wanafunzi wenzangu. Uchawi nao ulipochelewa kutoa dalili, akaamua kwamba sina adabu, na hapo ndipo tulipoanza kuelewana.

Nilikuwa nakula kidogo mbele yake, kinachobaki kinakwenda kwa bata. Juzi alikaa mlangoni akawatazama muda mrefu.

"Bata wangu wamenenepa," akasema.

"Mungu mkubwa, mama."

"Mungu hajawahi kuwapa wali kwa usipa."

Nilidhani atanipiga, au ataomba. Alichukua sahani yake iliyojaa, akaiweka karibu na yangu, akaifunika. "Basi na mimi sili," akasema. Akaenda kukanda udongo. Jioni hakula. Kesho yake hakula, na udongo alikanda, na maji alichota, na ule mgongo wake. Mchana nikamwona amesimama ameshika nguzo ya kibanda, macho amefumba. Nikamwambia aache utoto. Akasema utoto ni ugonjwa wa nyumba, naye ameambukizwa.

Nilikula. Sahani nzima, mbele yake, naye akala. Nililia nikitafuna, lakini kwa hasira tu, usije ukawaandikia watu kwamba niliguswa.

Kuhusu picha: zikiisha, andika kwamba Tuli yuko mapumzikoni. Usihangaike. Na wakitokea wenye matusi wapite tu, usiwasome mara mbili.

Dada yako, adui wa bata,
Tulinagwe

*

Ndandalo,
9 Aprili 2024

Dada,

Mugonile. Hatujambo. Maji yamejaa mpaka barabarani, bodaboda wanavusha watu kwa mabega. Pasaka ilipita vizuri. Mama alipika pilau na ndizi mbalaga za nyama, watu walikula mpaka wakakosa adabu. Mimi nilikuwa na mafua, sikujisikia.

Picha zako ziliisha kabla ya Pasaka. Usijali, nyingine zimepatikana. Usiniulize wapi, katibu mzuri hana siri ila ana mbinu. Ukurasa haujafa, tena umeongezeka.

Ila watu wana maneno. Wameanza kuandika, "Tuli umenenepa," na "Tuli umevimba, nini tena mrembo?" Mmoja ameweka picha yako ya zamani na ya sasa pamoja, amezichorea mishale. Kama mwalimu wa jiografia. Nimewasoma wote. Wakati mwingine naona hawajakosea sana.

Mvua ya mwaka huu ina baridi. Nimechukua sweta lako moja, lile la kijivu. Gauni la bluu nalo limeanza kunizoea, zipu inapanda.

Baba anasema nimependeza. Hajawahi kusema hivyo tangu nizaliwe, nikadhani anaongea na mtu nyuma yangu.

Nina haraka.
J.

*

Matema,
4 Mei 2024

Jubilate,

Ugonile. Wote wazima, mama mkubwa mzima, mgongo una nafuu, bata wamekonda. Hizo ndizo salamu, sasa kaa chini.

Nakuandikia nikiwa Matema kwenyewe, nje ya saluni ya dada mmoja anaitwa Neema. Leo Jumamosi tumeleta vyungu gulioni, na mama mkubwa akanipeleka nisukwe, akisema nywele zangu zimerudi kwa hiyo zipewe kazi. Neema ni mtu mchangamfu. Alikuwa ananisuka huku anatazama simu, mara ananionyesha.

"Mwone huyu," akasema. "Anaitwa Tuli. Mtu wa Kyela hapa hapa! Alikuwa mwembamba kweli, akaharibika kidogo, sasa hivi amerudi. Anajua kujinyima huyu."

Nikatazama. Gauni ni langu, la bluu. Ukuta wa nyuma ni wa ghala la baba, na gunia la kokoa limetokeza. Mtu mwenyewe hana kichwa. Picha imekatwa shingoni. Neema akasema siku hizi Tuli haonyeshi sura, anajiheshimu.

Mguu wa kushoto, juu ya kifundo, una alama ya jembe. Lile jeraha nililifunga mimi kwa kanga ya mama, ukiwa darasa la nne, ukipiga kelele kana kwamba unachinjwa.

Nikamwomba simu nitazame za nyuma. Nimekuona, Jubilate. Nimekuona tangu ile ya kwanza waliyoichorea mishale, ukiwa na mikono yako ya kawaida, mpaka hii ya wiki hii. Umeisha. Ungekuwa unaweka kichwa labda mtu mmoja angeona macho yako akashtuka.

Halafu nikaona komenti ya mtoto. Ameandika, "Dada Tuli mimi niko darasa la saba nyumbani wananilazimisha kula nifanyeje." Chini yake Tuli amemjibu, "Vumilia mrembo, hawajui ndoto yako." Nilikukataza kujibu. Lakini maneno yale ni yangu, niliyaandika mwaka jana nilipoandaa picha ya gauni la njano. Wewe umeyanakili tu, bila kukosea hata herufi. Hongera, katibu.

Acha. Usipandishe picha nyingine hata moja. Na unijibu swali hili kwa maneno ya kawaida bila mzaha: unakula?

Tulinagwe

*

Ndandalo,
21 Mei 2024

Kwa Mchungaji Tulinagwe, mlokole wa usipa,

Mugonile. Hatujambo sana. Baba hajambo, mama hajambo, jogoo hajambo. Ndaga kwa mahubiri.

Kwa hiyo umekaa huko unashushiwa samaki na kusukwa nywele, na ghafla umeokoka. Vizuri. Mtu akishashiba anapata na mafundisho. Nikukumbushe tu nani aliniambia ukurasa ukinyamaza watu watahama. Nani aliniomba nimdanganye mama. Mimi nilikuwa nafua nguo zangu kwa amani.

Wewe hujawahi kuwa mimi, dada. Wageni wakija nyumbani mama anasema, "Huyu Tulinagwe, yuko chuo Mbeya, mwone alivyo. Na huyu Jubilate ana afya." Unajua kwetu afya ni nini? Ni kubeba gunia. Wanakutazama wewe, halafu wananipa gunia.

Nilipoweka ile picha ya kwanza nilitaka kukusaidia tu. Wakatukana. Walikutukana wewe kwa mwili wangu. Baadaye wakasifu, wakanisifu mimi kwa jina lako. Niambie nani kati yetu amepata hasara, maana nimepiga hesabu mpaka nimechoka.

Unauliza kama nakula. Mpunga umekomaa na ndege mwaka huu ni wengi mno. Baba amewatengenezea sanamu la kuwatisha, amelivalisha koti lake la harusi. Ndege wanalikalia begani. Mama amekasirika kwa sababu ya koti.

Usiniandikie tena habari za ukurasa. Ukurasa sasa ni wangu.

Jubilate mwenye afya

*

Matema,
8 Juni 2024

Mdogo wangu,

Ugonile. Sina salamu nyingi. Mama mkubwa mzima.

Ukurasa nimeufunga. Leo, kwa simu ya Neema. Nywila bado ni ile ile, hukuibadilisha, na mimi namshukuru Mungu kwa uvivu wako. Simu iliniuliza kama nina hakika, halafu ikaniuliza tena, ina huruma kuliko watu wengi. Neema alinitazama kana kwamba nimechinja mtu kwenye kiti chake cha saluni. Mpaka dakika ile hakujua kwamba Tuli ni mimi. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe? Mbona mtu wa kawaida tu!" Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyopata mwaka huu.

Nilishalia njia nzima ndani ya boti nikija kuufunga. Usidhani ni kwa ajili yako. Nililia kwa ajili ya wale watu wote walionipenda asubuhi.

Nilipoufunga nikampigia mama kwa simu ile ile.

"Mama, Jubilate anakula?"

"Jubilate? Jubilate ana afya."

"Mshike mkono, mama. Ushike tu."

Akasema, "Tulinagwe, mmoja ametutosha. Usinitafutie mgonjwa mwingine." Akakata.

Kwa hiyo nitakuambia wewe, kwa kuwa yeye hataki. Ile haikuwa malaria. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye beseni. Hedhi ilikata na mimi nikaona ni ushindi. Usiku nilikuwa nalala nasikia moyo unaruka pigo, nangoja kama litarudi, na bado asubuhi naamka najipima kiuno kwa mkanda. Siku niliyoanguka kwenye kwaya nilikuwa na furaha, Jubilate. Ndiyo inayonitisha mpaka leo. Nilikuwa naanguka nikijiona mwepesi.

Sijapona. Jana nilikula, leo nimekula nusu nikamwongopea mama mkubwa. Sikuhubirii nikiwa mbinguni.

Nitukane ukitaka, lakini andika.

Dada yako,
Tulinagwe

*

Ng'ambo ya Matema,
7 Julai 2024

Jubilate,

Ugonile. Mika amekuja na kurudi, amekuja na kurudi, na vyungu vyote visivyouzwa Kyela vinarudi vitupu bila barua. Nimevikagua kama askari wa forodha pale Kasumulu. Mama mkubwa anasema labda umepangiwa shule. Nami najifanya naamini.

Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umenikasirikia. Hata neno moja. Hata tusi, nawe unayajua mengi.

T.

*

Kyela, hospitalini,
25 Julai 2024

Dada Tulinagwe,

Mugonile. Naandika nimelala, usinicheke mwandiko. Naandika kwa awamu.

Nilipoona ukurasa haupo nilivunja kioo cha chumbani kwako. Nilitaka kukuandikia kwamba umeniua, nikakosa nguvu za kuinuka kufuata kalamu, na hiyo ningetakiwa kuiona kama dalili, lakini nilikuwa na shughuli nyingi za kukuchukia. Nilidhani ukurasa ukifa na mimi nitaanza kula, yaani sababu imeondoka. Haikuwa hivyo. Hakukuwa na mtu wa kuniona tena, na bado sikuweza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilianguka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba alikuwa ameshusha gunia, akaniambia nishike upande wa pili, kama siku zote. Nikashika. Kilichofuata nasimuliwa tu. Eti baba aliniokota akapiga kelele, si kwa sababu nimeanguka, bali kwa sababu nilikuwa sina uzito. Alimwambia mwenye mashine, "Huyu siye. Huyu siye mwanangu." Alinibeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, na mgongo ule ambao husema hauwezi kitu.

Shule nimepangiwa, nzuri tu. Wanafunzi wamesharipoti, mimi nimeripoti hapa.

Mama amekuja na hotpoti tatu, amezipanga dirishani kama maonyesho. Siku ya kwanza akina mama wa kanisani walipokuja kuniona akawaambia ni malaria. Nesi Prisca alikuwa anabadilisha dripu, akasema taratibu, "Mama, malaria tumepima hakuna." Mama akawa anakunja kitenge chake, anakikunjua, anakikunja. Nikamwonea huruma, nikataka kumsaidia, nikasema labda ni taifodi. Akanitazama. Nilikuwa sijatazamwa na mama hivyo kwa muda. Halafu akawageukia wale akina mama, akasema, "Binti yangu hali chakula. Na yule mkubwa pia ilikuwa hivyo hivyo. Niliwadanganya." Mmoja wao, nisimtaje, akaanza kulia, akasema kwake pia yupo, kidato cha tatu, nao walidhani ni minyoo.

Daktari amenieleza mengi. Wananirudishia chakula kidogo kidogo, eti mwili uliozoea kukosa ukijazwa ghafla unaweza kuharibika. Kwa hiyo zile hotpoti za mama zinaliwa na wagonjwa wenzangu, na wodi nzima inaniombea nisipone haraka. Yuko pia dada mmoja wa ushauri, anakaa na mimi, hanilazimishi kuongea. Namsimulia habari za jogoo.

Nimekunywa uji nusu kikombe asubuhi. Nilichukua muda ambao ungetosha kulima tuta. Ulipofika tumboni nilitaka kujipasua. Hakuna mtu hapa ninayeweza kumwambia hivyo akanielewa. Prisca ananisifu kana kwamba nina miaka miwili, mama analia, baba anasimama mlangoni na kofia mkononi.

Njoo, dada. Sitaki ushauri wako, nao si mzuri. Njoo tu.

Jubilate

*

Ng'ambo ya Matema,
1 Agosti 2024

Jubilate wangu,

Ugonile. Nimesoma barua yako nimesimama majini, sikungoja Mika afunge boti. Mama mkubwa amenisikia nikipiga kelele akadhani ni mamba. Naye nimemsomea yote. Amenifungia usipa wa kukaanga, anasema ni wa mama, wewe usiuguse mpaka daktari aseme.

Leo boti ya Mika imejaa, nakuja na ya kesho. Barua hii naituma naye leo, ampe mtu wa pikipiki pale Matema, ili ikutangulie hata kwa usiku mmoja, usije ukakaa ukidhani umeandikia ukuta.

Sina cha kukufundisha. Nilitaka nikwambie kwamba uji wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, lakini wewe ungejua naongopa. Wa pili ni mgumu zaidi, maana mtu anakuwa ameshajua unavyouma. Wa kumi sijui, nafikiri ndipo nilipo. Hasira baada ya kula naijua. Utaniambia mimi, kwa sauti yoyote, na sitakusifu.

Mwambie mama asinitandikie nyumbani, sitafika Ndandalo kwanza. Naja moja kwa moja hospitali. Nesi Prisca akisema kitanda ni cha mtu mmoja, mwambie sisi wote wawili kwa sasa hatufiki mtu mmoja na nusu. Sogea tu upande wa ukutani.

Tulinagwe